Chama cha Wazee na Vijana Wasiokuja

Wamekuja kwetu wazee watatu wa chama kimoja cha kuzikana katika mtaa wetu, wakatutaka shauri. Chama chao ni cha kale, kiliasisiwa na babu zao, na hata leo kina daftari, sanduku la fedha, mikeka na masufuria makubwa ya karamu. Zamani mtu alikuwa akingoja sana kabla ya kuandikwa jina lake. Sasa wenye nguvu ya kubeba jeneza ni wachache wa kuhesabika kwa vidole, na vijana hawaji. Baadhi ya wazee wataka chama kifanywe upya. Wengine waona kuwa kukigeuza ni kuwakhini waliokianzisha. Jambo hili tumelizungumza katika darasa zetu kwa juma mbili, na kwa kuwa si la mtaa mmoja peke yake, tumeona bora jawabu tuliandike.

Wasiotaka mageuzi husema kuwa masharti ya waasisi hayaguswi, kama lisivyoguswa sharti la mwenye kuweka wakfu. Hoja hii si ya kudharauliwa, wala hatupendi kijana aicheke, kwani maiti hawezi kujitetea. Lakini kiasi hiki hakisimami. Wakfu ni mali iliyotoka katika milki ya mtu ikawekwa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, na sharti huandamana na mali hiyo. Ama chama ni ahadi baina ya walio hai: mimi nitakuzika, nawe utanizika. Aliyeifunga ahadi ile, akisha kufa na kuzikwa na wenziwe, amelipwa. Waliobaki ndio wanaodaiana, nao wana haki ya kutazama watalipana vipi.

Na tukumbuke Hilful-Fudhul. Makureshi walikutana katika nyumba ya Abdallah bin Jud'an, wakaahidiana kumnusuru kila aliyedhulumiwa katika Makka, akiwa mwenyeji au mgeni. Mtume (S.A.W.) alihudhuria naye ni kijana, kabla ya kupewa Utume, na baada ya kuja Uislamu alieleza kuwa lau angeitwa katika jambo kama lile angeitika. Walioahidiana walikuwa watu wa zama za ujahili. Kilichosifiwa ni kule kumsimamia mnyonge. Nani alikaa mbele na nani nyuma siku ile, hakuna kati yetu anayejali.

Kwa hiyo karamu ya kuingilia na iondoke, wala hatuoni haja ya kurefusha maneno. Kumtaka mchukuzi wa bandarini atumie ujira wa mwezi mzima kuwalisha watu ili apate haki ya kuzikwa ni jambo la kuonea haya. Hesabu nazo zisomwe mbele ya watu. Daftari lisilofunguliwa huzaa dhana mbaya hata pale ambapo hapana aliyeiba.

Vijana nao wameleta shauri lao, na hili ndilo lililotushughulisha zaidi. Wasema: kila mtu atume mchango wake kwa simu, kama watu wote wafanyavyo katika nchi hii tangu mwaka 2007, chama kikodi gari, kiajiri wachimba kaburi na mwosha maiti, na asilazimishwe mtu kuhudhuria. Kazi za siku hizi hazina ruhusa, na wengine wako Nairobi au Ghuba. Twakiri kuwa tulipolisikia mara ya kwanza lilitupendeza. Ni jepesi, na dini yetu ni ya wepesi.

Kisha tukakumbuka yaliyotokea mwaka jana. Alifariki katika mtaa wetu mzee mmoja mgeni, asiye na jamaa hapa mjini. Ubani ulitumwa kwa simu kabla ya adhuhuri, ukapatikana kuliko haja. Na jeneza likakaa mlangoni likingoja mabega, hata ikabidi kuwaita wapita njia, na mmoja katika waliolibeba hakujua anambeba nani. Sisi tunaoandika haya tulikuwa miongoni mwa waliotuma fedha wakaketi majumbani. Tulijiona tumeshatenda wajibu. Kumfuata maiti ni haki ya Muislamu juu ya nduguye, nasi haki hiyo tuliigeuza ikawa stakabadhi. (Wanawake wa mtaa huu, tuseme kweli, wametushinda: maiti wa kike hakosi wa kumwosha.)

Basi tukajiuliza: je, ni kweli kwamba watu huvikimbia vyama kwa ajili ya uzito wake? Tumetazama hali za wengine, hata wale ambao itikadi zao si zetu. Frimasoni wa Marekani, ambao hatuwatetei kwa lolote, walikuwa zaidi ya milioni 4 mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo hawafiki milioni 1. Tangu miaka ya 1990 baadhi ya majimbo yao yalipunguza uzito: daraja ambazo mtu alikuwa akizipanda kwa miezi, wakampa zote kwa siku moja. Waliingia watu kwa maelfu, lakini kupungua hakukukoma. Uingereza kuna chama cha Oddfellows wa Manchester, kilichoanza mwaka 1810. Wafanya kazi walikuwa wakitoa senti zao, na mgonjwa akitembelewa nyumbani na kupewa posho, na akifa akizikwa kwa heshima. Serikali ilipoanzisha bima yake mwaka 1911, kisha matibabu ya bure mwaka 1948, haja ile ilihamia mikono mingine, na wanachama wakapungua. Hao wana udhuru. Sisi hatunao, kwani hapana serikali itakayokuja kutuoshea maiti wetu.

Kinyume chake yuko Ibn Battuta. Msafiri huyu alilala usiku mmoja hapa Mombasa mwaka 1331 akienda Kilwa, na baada ya safari hiyo akafika Antalya, katika nchi ya Uturuki ya leo. Alijiwa na mtu mwenye nguo chakavu akamwalika kula, yeye na wenziwe. Ibn Battuta akaona haya, akadhani maskini huyu hawezi kuwakirimu. Kumbe ni fundi wa ngozi, na mkuu wa jumuiya ya vijana wenye ufundi mbalimbali wapatao 200. Vijana wale walifanya kazi mchana kutwa, na jioni kila mmoja akaleta alichochuma kwa mkuu wao; kikanunuliwa chakula, wakala pamoja na mgeni aliyefika mjini, na asipokuwapo mgeni wakala wenyewe. Baada ya chakula waliimba na kucheza, na hapo twanyamaza. Lakini sharti gani zito kuliko kuleta chumo lako kila siku? Na waliolibeba walikuwa vijana.

Hukumu yetu, basi, ni kwamba vijana wa mtaa hawakukimbia uzito. Walikuja wakaambiwa wakae nyuma, watoe fedha, wangoje wazee wafe. Hawakupewa mzigo, na mtu asiye na mzigo hana sababu ya kurudi.

Tuliwajibu wale wazee watatu hivi. Ada ya mwezi ipokewe kwa simu, hasa kwa walio mbali. Mhazini awe kijana. Lakini fedha isinunue zamu: kila mwanachama aliyeko mjini awe na juma lake la kuosha, la kuchimba, au la kuwazuru wagonjwa, na akipata udhuru atafute mwenyewe wa kumshikia. Na vijana wafunzwe kuosha maiti na kukata sanda sasa, wazee wajuao wakiwa hai.

Wawili walikubali. Wa tatu alikubali yote ila la mhazini. Alishika ufunguo wa sanduku mfukoni mwake muda wote tuliokuwa tukisema. Hatukumlaumu, maana aliupokea kwa babake. Watarudi usiku wa Ijumaa ijayo, na katika karatasi ya zamu tuliyowapa wakaisome, juma la kwanza la makaburini tumejiandika sisi.