Wameona Nini Nyumbani Mwako?

Somo: Isaya 39:1-8, Mithali 11:13



Kuna neno nimelisema madhabahuni zaidi ya mara moja, na leo nataka kulirudisha mbele yenu. Nilisema, "Mkristo wa kweli hana la kuficha." Mkaitikia amina, na mimi nikaifurahia ile amina.

Mara ya kwanza ilikuwa 2019, wakati wa kujiandikisha Huduma Namba. Mnakumbuka vile tulibishana. Wengine walisema ni alama ya mnyama, ile 666, na kuna mama alifunga siku tatu kabla hajaenda kwa chifu. Wengine wakasema ni kitambulisho tu, tuache ushamba. Mimi nikasimama katikati nikatoa lile neno langu, nikidhani nimemaliza maneno.

Mara ya pili ni 2023, ile Julai watu walipopiga foleni KICC kupigwa picha ya mboni za macho na kifaa cha mviringo kama mpira. Kampuni yenyewe ni Worldcoin, na ulichopewa kilikuwa na thamani ya kama shilingi 7,000. Nilimkemea kijana wetu mmoja aliyeenda. Akanijibu kwa heshima kabisa: "Mzee, si wewe ulisema hatuna la kuficha? Na elfu saba ni elfu saba." Sikuwa na jibu, juu lilikuwa neno langu mwenyewe.

Leo nina jibu. Lakini nimelipata kwa gharama, na gharama hiyo alilipa mtu mwingine. Nitafika hapo.

Hezekia hakuwa na la kuficha

Wengi walihubiri juu ya Esau na dengu siku zile za KICC, na walihubiri vizuri. Mimi nataka tumtazame mfalme Hezekia. Alikuwa mgonjwa wa kufa, Mungu akamponya. Habari ikafika Babeli, na mfalme wa huko akatuma wajumbe na barua na zawadi. Hezekia akafurahi. Akawatembeza nyumba nzima: fedha, dhahabu, manukato, mafuta ya thamani, hata ghala la silaha. Biblia inakazia kwamba hakubakisha kitu ambacho hakuwaonyesha.

Sasa angalia. Ile dhahabu hakuwa ameiba. Kwenye zile stoo hakukuwa na dhambi. Kwa lugha yetu, mfalme hakuwa na la kuficha. Lakini nabii Isaya alipokuja hakumpongeza kwa uwazi wake. Alimuuliza mambo matatu: wale watu wamesema nini, wametoka wapi, na wameona nini nyumbani mwako.

Kisha akamwambia kwamba siku zinakuja ambapo vyote vilivyoonekana vitabebwa mpaka Babeli, na baadhi ya wanawe watachukuliwa kuwa matowashi katika nyumba ya mfalme wa huko. Hebu tazama nani analipa. Mlango ulifunguliwa na Hezekia, waliochukuliwa ni watoto. Na Hezekia aliposikia hayo, aliona ni sawa tu, maadamu katika siku zake yeye kutakuwa na amani.

Mpendwa, huo mstari wa mwisho ndio unaonitisha, kwa sababu nimeusikia kwa kinywa changu. "Sina la kuficha" maana yake mara nyingi ni, "Mimi sitaumia." Haijibu swali la nani ataumia.

Nchi yetu ilijifunza pole pole

Mwaka 2019 tulipokuwa tukitoa alama za vidole kwa mamilioni, sheria ya kulinda data ilikuwa bado. Ilianza kazi Novemba mwaka huo, baada ya foleni kwisha. Yaani mali iliingizwa ndani, kisha ndio tukaenda kutafuta kufuli. Januari 2020 Mahakama Kuu ikakataza kuchukuliwa kwa DNA na mahali mtu anapoishi kwa GPS, na Oktoba 2021 ikatangaza kwamba kutolewa kwa zile kadi hakukufuata sheria, kwa kuwa serikali haikupima kwanza hatari kwa data za wananchi. Zile picha za macho nazo, serikali ilisimamisha zoezi mwanzoni mwa Agosti 2023, na Mei 2025 mahakama ikaamuru zifutwe.

Nayasema haya kwa sababu wengi wetu tulikuwa tunabishana juu ya 666 wakati swali la kweli lilikuwa limekaa pale mbele yetu, la kawaida kabisa: hii mnaichukua ya nini, nani ataiona, na itakaa wapi? Neno la siri la simu ukiibiwa unabadilisha. Jicho utabadilisha na nini?

Sisemi serikali isiulize. Nchi hii imezika watu 67 wa Westgate mwaka 2013 na 148 wa Chuo Kikuu cha Garissa mwaka 2015. Warumi 13 iko palepale. Mlinzi akikufungulia mkoba mlangoni mwa kanisa, usinune. Lakini mtazame vile anafanya kazi. Anatafuta kitu kimoja, akikikosa anakuambia karibu. Haandiki dawa alizoziona ndani ya mkoba wako. Haendi kumuuzia mtu hiyo habari. Huo ndio usalama. Mwenye mamlaka anayetaka kuona kila kitu cha kila mtu wakati wote, bila kusema kwa nini, ameacha kazi ya mlinzi.

Na hili si la chama fulani. Mswada wa Fedha wa 2024 ulikuwa na kifungu cha kuiruhusu mamlaka ya ushuru isibanwe na ile sheria ya data inapotafuta ushuru. Tulipiga kelele juu ya mkate, na ilikuwa haki yetu, lakini wangapi tulikiona kile kifungu? Mswada uliondolewa baada ya vijana kuingia barabarani. Anayefunga mlango leo ni vizuri awe macho na kesho, yeyote awe anakaa Ikulu.

Sasa nije kwangu

Ningeweza kuishia hapo, na mngesema mzee amewaambia wakubwa ukweli. Lakini Bwana hakuniruhusu.

Kuna dada wa kanisa hili alikuja kwangu baada ya ibada na karatasi ya hospitali. Hatukukaa hata dakika kumi. Aliniambia, tukaomba, akalia, akaenda. Nimemwomba ruhusa ya kuandika haya. Alinipa kwa masharti: nisitaje jina, wala ugonjwa, wala mwaka. Kwa hiyo msinitafute niwaambie, na msianze kukisia.

Usiku ule nikaandika kwenye kikundi cha WhatsApp cha waombezi. Tulikuwa watu 11. Nilitaja jina lake, nikataja alichoambiwa na daktari, nikamalizia kwa mikono miwili ya maombi. Nia yangu ilikuwa safi, nawaambia mbele za Mungu. Mmoja wetu, naye kwa nia safi, akatuma ule ujumbe kwa kikundi cha kina mama. Huko mtu akautuma kwa dada yake. Kufika Ijumaa ulikuwa umefika kazini kwake. Bosi hakumfukuza, alianza tu kumpangia zamu chache, na meza ya chai ikawa na nafasi kando yake.

Alipoacha kuja kanisani nilienda kwake. Akanikaribisha, akanipa chai. Nikaanza kueleza kwamba tulitaka tu kumbeba kwa maombi. Akaniacha nimalize, halafu akasema, "Mzee, nilikuambia wewe ili tumwambie Mungu. Wewe ukaambia watu."

Wapendwa, sikuwa na aya ya kumjibu. Mimi niliyeogopa Babeli, wajumbe wa Babeli walinikuta nimeshafungua. Na nyumba niliyowaonyesha haikuwa hata yangu.

Baadaye nilisoma ile sheria ya 2019. Inasema kuna data nyeti, na inazitaja: hali ya afya, ndoa, familia, imani ya mtu. Nikaiweka chini. Hayo si ndiyo mahitaji ya maombi tunayopokea kila Jumapili? Kikapu chetu cha mahitaji kina data nyeti kuliko ofisi nyingi mjini. Na Sulemani alikuwa ameshasema kabla ya bunge lolote, Mithali 11:13: mwenye kuzunguka na maneno hutoa siri nje, lakini mwenye roho ya uaminifu hulifunika jambo. Kumbe kufunika si woga wala unafiki. Ni uaminifu.

"Lakini Mungu anaona yote"

Mtu atasema, mzee, Luka 12 inasema hakuna lililofichwa ambalo halitafunuliwa. Amina. Lakini atakayefunua ni Mungu, kwa siku yake. Hakutupa sisi kazi hiyo kupitia simu. Na kujulikana na Mungu ni tofauti kabisa na kujulikana na kampuni, serikali au kikundi cha WhatsApp. Mungu wa Zaburi 139 anayejua kukaa kwangu na kuondoka kwangu ndiye aliyeniumba na kunipenda. Hapati faida akiniuza. Alipowakuta Adamu na Hawa uchi, aliwashonea mavazi. Shemu na Yafethi walirudi kinyumenyume wakamfunika baba yao, nyuso zao zikiangalia kando. Yesu mwenyewe alituambia tukiomba tuingie chumbani na tufunge mlango.

Nisieleweke vibaya. Kuna siri ambayo si ya kufunika. Mtoto akiumizwa nyumbani, mke akipigwa, pesa za kanisa zikiliwa, hiyo ukiificha unamlinda mbwa mwitu dhidi ya kondoo. Hapo nenda polisi, piga 116 ya watoto, njoo kwa wazee. Tofauti ni hii: jiulize siri hii inamlinda nani. Ikimlinda aliye dhaifu, ifunike. Ikimlinda anayemuumiza, itoe, lakini ipeleke kwa anayeweza kusaidia, si kwa watu 200 wa kikundi.

Tufanye nini?

Chukua yale maswali matatu ya Isaya, uyaweke karibu na simu yako.

Wamesema nini? Anayekuomba kitambulisho, alama ya kidole, picha ya mtoto wako, amekuambia ni ya kazi gani? Kama hawezi kueleza kwa maneno mepesi, mwambie arudi akiwa tayari. Kuuliza si uasi. Katiba yetu, kifungu cha 31, inakupa haki hiyo ya faragha.

Wametoka wapi? Babeli ilikuja na zawadi. Ukipewa kitu cha bure, uliza nani amelipia.

Wameona nini nyumbani mwako? Na je, walichokiona ni chako, au ni cha mtoto wako, cha jirani, cha dada aliyekuamini?

Kwa upande wetu, idara ya maombi imekubaliana hivi. Kwenye kikundi hatutaji tena jina la mgonjwa wala ugonjwa bila yeye mwenyewe kukubali. Tutasema, "Kuna ndugu anahitaji uponyaji," na Mungu anamjua. Karatasi za mahitaji zitachanwa baada ya kuombewa. Fomu ya wageni haitauliza tena mambo ya ndoa. Ukiona mimi nimevunja hili, nikumbushe hadharani.

Yule dada siku hizi anaabudu kwingine. Amenisamehe, aliniambia hivyo mlangoni, na namwamini. Lakini hajarudi, na sijamwomba arudi. Kila Jumapili nikipokea karatasi iliyokunjwa mara nne, namkumbuka, na naikunja tena vile nilivyoipokea.

Tuombe. Baba, wewe unatujua na hujatuaibisha. Tusamehe kwa milango tuliyofungua ambayo haikuwa yetu. Wape watawala wetu moyo wa kulinda bila kunyemelea, na utupe sisi midomo inayojua kufunga. Wale tuliowaumiza, uwafunike mwenyewe. Katika jina la Yesu, amina.