Kifo cha Huruma: Istilahi na Maadili Yake

Istilahi 'kifo cha huruma' hutumika katika mijadala ya Kiswahili kuhusu mgonjwa asiyetazamiwa kupona. Istilahi hii haitaji tendo tu, bali hulitolea hukumu pia, kwani anayelipinga huonekana tangu mwanzo kuwa mtu asiye na huruma. Makala haya yanadai kwamba, katika mazingira ya Nairobi, ombi la kufa halina budi kufasiriwa kabla ya kukubaliwa au kukataliwa.

Sheria ya Kenya ina msimamo bayana. Kifungu cha 26 cha Katiba ya 2010 kinalinda uhai, na kifungu cha 225 cha Kanuni ya Adhabu kinamwekea adhabu ya hadi kifungo cha maisha amsaidiaye mwenzake kujiua. Mnamo Januari 2025, Mahakama Kuu iliamua kuwa kumwadhibu aliyejaribu kujiua ni kinyume cha Katiba. Uamuzi huo haukumwondolea hatia msaidizi.

Fasihi yaweza kutufunza namna ya kufasiri. Tusomapo vifo vya Rosa katika *Rosa Mistika* (1971) na Kazimoto katika *Kichwamaji* (1974), riwaya za Kezilahabi, haturidhiki kusema kwamba wahusika hao walichagua. Tunauliza ni nini kilichowasukuma. Mgonjwa naye anastahili kuulizwa hivyo hivyo.

Cicely Saunders, aliyefungua hospisi ya St Christopher's jijini London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya anayekufa ni ya mwili, ya nafsi, ya kijamii na ya kiroho. Nairobi Hospice, iliyo katika uwanja wa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, ilianza kazi mwaka 1990 kwa msingi huo huo. Hata hivyo, miaka 20 baadaye, shirika la Human Rights Watch liliripoti kuwa mofini ya kunywa ilipatikana katika hospitali chache tu za umma nchini.

Basi tuchukue mitaa miwili inayopakana, Kawangware na Lavington. Mgonjwa wa Kawangware asemapo "niacheni nife", huenda analilia dawa aliyoikosa, au anaogopa kuwaachia watoto deni. Kumwua kwa jina la huruma ni kuujibu umaskini wake kwa kumwondoa maskini mwenyewe.

Pingamizi lipo, nalo ni zito. Mgonjwa wa Lavington aliyepata dawa, wauguzi na jamaa wa kumkalia kitako, naye akashikilia ombi lile lile, hawezi kujibiwa kwa hoja ya umaskini. Kumwachia akatae tiba isiyomfaa tena si kumwua, ila yeye anaomba zaidi ya hayo. Kwake swali linabaki wazi, na mhakiki mwadilifu hana haki ya kulifunga. Lakini jamii isiyompa jirani yake mofini haijapata bado haki ya kuliita jibu lake huruma.