Ulimi wa Chuki Wakati wa Kura

Wakati wa kura unapokaribia maneno huzidi vijijini. Watu huja na motokari na ngoma, huimba, huahidi barabara. Kuahidi barabara si dhambi, ingawa barabara yenyewe huchelewa sana kufika. Tena kutaka huyu atawale na yule asitawale ni haki ya kila mwananchi. Lakini mara nyingine msemaji huiacha habari ya barabara na kuanza habari ya watu: kwamba kabila fulani ndilo sababu ya njaa, kwamba jirani fulani si mtu wa hapa, kwamba wakiondoka hao mambo yote yatanyooka. Hapo mkatekumeni asimame na kufikiri, kwa maana amri ya tano na ya nane zimekwisha kuguswa.

Katika Ujerumani, ile ambayo wazee waliiita nchi ya Wadachi, watu walipiga kura mara nyingi mwaka wa 1932. Mamilioni walikuwa wamekosa kazi, na Adolf Hitler alizunguka mji kwa mji, na chama chake kiliwapa Wayahudi lawama ya taabu za nchi. Wengi walimpigia makofi. Wengine walijua kwamba ni uongo, wakanyamaza, wakidhani ni maneno ya kura tu, yatapita.

Mjini Munich mwandishi mmoja hakunyamaza, jina lake Fritz Gerlich. Alilelewa katika dini ya Kiprotestanti. Mwaka wa 1927 alikwenda kijiji cha Konnersreuth kumchungua mwanamke mcha Mungu, Therese Neumann, akidhani atavumbua udanganyifu; akarudi na moyo mwingine. Mwezi wa Septemba 1931 akapokelewa katika Eklezia Katolika, akiwa na miaka 48. Basi alikuwa Mkatoliki mchanga, kama mtakavyokuwa ninyi. Gazeti lake liliitwa Der gerade Weg, maana yake Njia Nyofu. Humo aliandika waziwazi kwamba chama cha Hitler kitaleta uongo, chuki, na ndugu kumwua ndugu. Mwezi wa Machi 1932 Padri Ingbert Naab, Mkapusini, aliandika humo barua kwa Hitler mwenyewe, akimwuliza ni akina nani waliomchagua.

Je, walishinda? Hapana. Mwezi wa Julai 1932 chama kile kilipata viti 230, kikawa cha kwanza. Januari 1933 Hitler akapewa utawala. Tarehe 9 Machi 1933 watu wa chama waliingia katika ofisi ya gazeti, wakampiga Gerlich na kumfunga. Aliuawa katika kambi ya Dachau usiku wa 30 Juni 1934. Padri Naab alikimbia, akafa Strasbourg mwaka wa 1935. Kisha Wayahudi wapata milioni sita wakauawa. Maneno ya mikutano ile yalikuwa yamepata mikono ya kuyatenda.

Wala asiseme mtu kwamba hayo ni ya Ulaya. Katika Katanga, miaka ya 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai waliitwa bilulu. Bilulu ni wadudu; na mdudu hana jina wala mama, mtu humkanyaga asiende kuungama. Baada ya neno hilo watu walifukuzwa katika nyumba zao, na maelfu wakalala kwenye stesheni za Likasi na Kolwezi wakingoja treni. Wengi walikuwa wamezaliwa papo hapo Katanga. Miongoni mwa wafukuzaji na wafukuzwa walikuwamo Wakristu wa ubatizo mmoja.

Mtume Yakobo aufananisha ulimi na moto mdogo unaoteketeza pori kubwa. Mwenye kuona moto wa pori haulizi kwanza nani aliuwasha. Hukata tawi bichi akaupiga. Mkatekumeni wa kijijini hana gazeti, lakini ana mikono, na aweza kuizuia isipige makofi. Wimbo wa matusi asiuchukue shambani, wala asiwaache watoto wauimbe uani. Akiulizwa sababu, ajibu kwa upole: "Mzee, hata huyo ameumbwa na Mungu." Pengine atachekwa, pengine ataitwa msaliti, asirudishe tusi kwa tusi. Na jioni ya siku ile ile ya mkutano aende kwa jirani aliyetukanwa, amwamkie, aketi mlangoni pake, aombe maji ya kunywa, watu wote wakiona.