Nyayo Zinashuhudia Nini?

Katika mafunzo ya tauhidi, yaani imani ya Mungu mmoja, husimuliwa hoja ya bedui: kinyesi humtambulisha ngamia, nyayo humtambulisha mpitaji, basi mbingu na ardhi zisimtambulishe Muumba?

Lakini alama huhitaji msomaji makini. Anayefuatilia wanyama Serengeti hubeba rula, daftari, kamera, plasta ya kumimina kwenye unyayo, na tochi ya kumulika kutoka ubavuni ili kivuli kionyeshe kina. Alama za kucha zikionekana, huenda ni fisi. Simba hutembea amezirudisha ndani. Kinyesi cheupe nacho humtaja fisi, kwa sababu ya mifupa aliyotafuna.

Hata alama za kale sana husomeka. Laetoli, Tanzania, mwaka 1978, timu ya mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey iligundua nyayo za viumbe waliotembea wima zaidi ya miaka milioni 3.6 iliyopita. Hakuna aliyewaona.

Bedui alisema kweli: alama ni ushahidi. Rula na daftari vinaongeza sharti moja tu, kwamba upimwe kabla ya kuhukumu.