Kicheko na Haki ya Kumaliza Kisa

Aristotle, katika kitabu chake kuhusu ushairi, alieleza kwamba kinachochekesha ni kasoro isiyoumiza wala kuangamiza, akatoa mfano wa kinyago cha mchekeshaji, ambacho kina sura mbaya iliyopindwa lakini hakionyeshi maumivu. Hata hivyo, vichekesho vya jukwaani vya zama hizi, yaani utanzu ambamo mtu mmoja husimama mbele ya hadhira akisimulia maisha yake mwenyewe, mara nyingi hutokana na maumivu hayo hayo. Richard Pryor wa Marekani, aliyeungua vibaya mwaka 1980 alipojitia moto wakati wa matumizi ya kokeini, aliuingiza mkasa huo katika onyesho lake la 1982, na watu wakacheka pamoja naye. Swali linalozuka ni kama kuwachekesha wengine kwa jeraha lako ni kuliponya au ni kulifukia.

Swali hilo lilichunguzwa kwa kina na Hannah Gadsby, mchekeshaji mzaliwa wa Tasmania, jimbo la Australia ambako mapenzi baina ya wanaume yalikuwa jinai hadi 1997, katika onyesho la Nanette lililotolewa na Netflix mwaka 2018. Mwanzoni Gadsby anasimulia jinsi mwanamume mmoja alivyomtishia kwenye kituo cha basi, akidhani ni mwanamume anayemtongoza mpenzi wake, kisha akaomba radhi alipotambua kosa lake. Hadhira inaangua kicheko. Baadaye anakirudia kisa hicho na kukimalizia: mtu yule alirudi, akampiga, na hakuna aliyemzuia. Gadsby anafafanua kwamba mzaha una sehemu mbili, yaani maandalizi yanayojenga taharuki na tamko linaloiondoa, ilhali kisa kina mwanzo, kati na mwisho. Kwa hiyo aliyeugeuza mkasa wake kuwa mzaha huukata mwisho, na kadiri anavyourudia jukwaani ndivyo nusu hiyo inavyochukua nafasi ya kweli nzima.

Hoja hii haikiharamishi kicheko, bali inakiwekea sharti la haki. Mwenye heshima katika jamii akijitania huonyesha unyenyekevu, lakini aliyekwisha kudharauliwa anapojidhihaki ili apate kusikilizwa huinunua nafasi ya kusema kwa utu wake. Wala haifai kudai kwamba mateso ndiyo mama wa sanaa, kwa kuwa hata Van Gogh, ambaye Gadsby anamtolea mfano, alichora huku akitibiwa na madaktari na kutegemezwa na nduguye Theo. Kinachomwezesha msanii ni kupendwa na kutunzwa, na kwa sababu hiyo hadhira inayofurahia machungu ya mtu ina wajibu wa kumsikiliza mpaka mwisho, hata pale kicheko kinapokoma.