Mali Yetu na Jasho la Jirani

Watu wengi hudhani ya kuwa mali ikishapatikana kwa njia ya halali, basi hesabu yake imekwisha. Mwenyewe aitie popote itakapomzalia faida, wala hapana wa kumwuliza. Dini tukufu ya Islam haikubaliani na wazo hilo. Inafundisha kwamba mwanadamu ataulizwa mambo mawili juu ya mali yake: aliipata wapi, na aliitumia katika nini. Kutia fedha katika biashara ni namna mojawapo ya kuitumia. Fedha inapotoka mikononi mwetu huenda kufanya kazi mahali fulani, na kazi hiyo huandikwa kwa jina letu.

Katika miaka ya 1980 vyuo na makanisa mengi ya Marekani yaliondoa fedha zao katika makampuni yaliyofanya biashara na utawala wa Makaburu wa Afrika Kusini, yasije yakala faida ya ubaguzi. Hilo lilikuwa jambo jema. Lakini msomaji asidhani kuwa swali hili ni la matajiri wa mbali tu. Linamhusu vilevile mwalimu, mwenye duka au mstaafu wa Lipingo, kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa, aliyejiwekea akiba ya shilingi laki chache na sasa anatafuta pa kuitia.

Akitazama juu, kwenye milima ya Umatengo wilayani Mbinga, ataona mashamba ya kahawa. Kahawa huvunwa katikati ya mwaka, bali sare za shule, dawa na chakula havingoji mavuno. Hapo ndipo inapoingia biashara iitwayo magoma. Mwenye fedha humkopesha mkulima wakati wa shida, naye mkulima humlipa kahawa wakati wa mavuno, yenye thamani kubwa kupita fedha aliyopokea. Hivyo jasho la mwaka mzima huwa limekwisha kuuzwa kabla tunda halijawa jekundu.

Mkopeshaji huwa na majibu mawili. La kwanza, husema: mkulima alikubali kwa hiari yake, na kama nisingalimpa, mtoto wake angalikosa dawa. La pili, husema: Islam yenyewe imeruhusu kununua mazao kabla ya mavuno. Majibu haya yanastahili kupimwa kwa haki.

Tuanze na la pili. Ni kweli kwamba Mtume Mtukufu s.a.w. alipofika Madina aliwakuta watu wakilipia matunda mwaka mmoja au miwili kabla. Hakuifuta desturi hiyo, ila aliifunga kwa masharti: kipimo kijulikane, uzito ujulikane, na muda ujulikane. Tena alikataza kuuza matunda yaliyo mtini kabla hayajaanza kuiva, akiuliza ni kwa haki gani mtu atachukua mali ya nduguye iwapo Mwenyezi Mungu atayazuia matunda hayo. Anayelipa mapema aweza kupata nafuu ya bei, maana fedha yake nayo imengoja. Lakini mavuno yakikosekana, wanazuoni wamefundisha kuwa mnunuzi ama angoje, ama arudishiwe fedha yake ileile bila nyongeza. Basi mkopeshaji anayeongeza idadi ya magunia kwa sababu mvua ilikosa, au anayetoa mkopo kwa sharti la kurudishiwa zaidi, biashara yake ni riba iliyovikwa nguo nyingine. Nayo Kurani Tukufu imetofautisha waziwazi biashara na riba (2:276).

Ama hiari ya mwenye njaa, hiyo ni hiari gani? Mtu anayezama hukubali kila bei ya kamba. Mwenyezi Mungu ameamuru kwamba mdaiwa aliye katika dhiki apewe muda mpaka apate wasaa, na kumsamehe kabisa ni bora zaidi (2:281). Dhiki ya jirani, basi, ni wito wa kumsaidia. Anayeipandishia bei ameigeuza kuwa soko.

Je, mwenye akiba aizike ardhini? Hasha! Atazame ziwa lililo mbele yake. Mtu akitoa mtumbwi na nyavu, wengine wakatoa nguvu zao usiku kucha, wakagawana samaki kwa mafungu waliyopatana, hiyo ni shirika njema. Nyavu zikirudi tupu, mwenye nyavu naye hulala bila fungu. Lakini akidai kiasi kilekile kila wiki, samaki wawepo wasiwepo, amejitwalia usalama wote na kuwaachia wavuvi hatari yote. Hapa ndipo ulipo mpaka: mali inayotaka faida ikubali pia kushiriki hasara.

Njia ya pili ni chama cha ushirika, ambamo wakulima huuza kwa pamoja na kuweka akiba ya kukopeshana. Vyama vikuu vya ushirika nchini vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya 1982, na baadaye vingine vikaanguka kwa madeni na ubadhirifu. Kwa hiyo anayeiba fedha ya ushirika ana sehemu katika dhambi ya magoma, kwani yeye humsukuma mkulima mlangoni kwa mkopeshaji.

Mwaka 1942, katika hotuba yake huko Qadian juu ya mpango mpya wa ulimwengu, Hadhrat Mirza Bashiruddin Mahmud Ahmad r.a., Khalifa wa Pili wa Masihi Aliyeahidiwa a.s., alieleza kuwa Islam haimnyang'anyi mtu mali yake, bali hukataza riba, huamrisha zaka, na huugawa urithi, ili mali isizunguke kwa matajiri peke yao (59:8).

Ewe ndugu unayeichunguza dini hii, usiitazame katika sala zetu peke yake. Utazame pia daftari la madeni la anayesali. Mwenyezi Mungu atujalie faida ambayo hakuna jirani aliyeilia machozi. Amin.