Kiziwa Kisafi na Moyo Wenye Wakaaji



Kabla ya mwaka 1960 watu wa vijiji vya Kongo walikuwa wamechimba viziwa vya samaki zaidi ya 100,000. Baadaye vingi viliachwa. Matete yakaota, matope yakajaa, samaki wakatoweka. Kuchimba peke yake hakutoshi; kiziwa kinahitaji kutunzwa. Basi sikieni mfano.

Mkatekumeni mmoja alikuwa na kiziwa kidogo kando ya bustani yake. Maji yakageuka kuwa ya kijani, yakanuka. Mtoto wake akashikwa na homa, na majirani wakanung'unika kwamba mbu wanatoka kwake. Kwa hasira alitwaa majani ya utupa, akayaponda, akayatia majini. Siku ile ile samaki wakaelea, na watoto wa vyura wakafa pamoja na wadudu wa majini. Yule mtu akasema, "Sasa kiziwa changu ni safi."

Lakini ukijani haukufa, wala mbu hawakukawia. Mbu hurudi upesi kutaga mayai, na sasa hapakuwa na samaki wala mdudu wa kula mabuu yao. Hali ya mwisho ikawa mbaya kuliko ya kwanza.

Ndipo mzee wa jirani akamwuliza, "Mwanangu, ukijani huu unapata wapi chakula?" Wakatazama pamoja, wakaona ya kuwa kila mvua inasomba samadi ya zizi la mbuzi mpaka majini. Wakachimba mtaro, wakayageuzia maji ya mvua migombani. Wakatoa majani yaliyooza, kidogo kidogo, wakiyaacha ukingoni usiku mmoja ili vidudu virudi majini. Upande mmoja wakauinamisha pole pole, chura apate kuingia na kutoka, ndege naye apate kunywa. Wakapanda mayungiyungi, ambayo kivuli chake huzuia jua kuukuza ukijani. Wakatia samaki wachache tu, maana wakiwa wengi huchafua maji.

Kisha wakangoja. Vyura walikuja bila kuitwa, na kereng'ende wakataga mayai. Watoto wa chura wakakwangua ukijani maweni. Watoto wa kereng'ende, wakaao majini, wakala mabuu ya mbu. Miezi ikapita, na mawe ya chini yakaonekana.

Wapenzi, Bwana wetu Yezu Kristu alifundisha habari ya pepo mchafu aliyemtoka mtu. Aliporudi aliikuta nyumba imefagiwa, lakini ni tupu. Akaingia pamoja na wenzake saba. Hivyo ndivyo alivyo mtu anayevunja mtungi wa pombe leo kwa hasira, na kesho anapita njia ile ile, na rafiki wale wale, mpaka mlango ule ule. Ameua samaki, hakuchimba mtaro. Zizi lake ni nafasi ya dhambi. Isipogeuzwa, uchafu utashuka kila mvua inyeshapo.

Tena haitoshi kufukuza ubaya. Uongo ukitoka, ukweli ukae mahali pake. Chuki ikitoka, mtu aende kumsalimu aliyemchukia. Sala ya asubuhi, huruma kwa mgonjwa, subira nyumbani: hao ndio wakaaji wanaolinda maji.

Ubatizo huondoa dhambi zote kweli, kwa neema ya Mungu, si kwa nguvu ya mtu. Lakini mbatizwa hupewa kiziwa cha kutunza mpaka kufa. Kwa hiyo mkatekumeni asinung'unike kwamba miezi ya mafundisho ni mingi. Ndiyo miezi ya kuchimba mtaro na kupanda.

Nia ya juma hili: Kila mmoja atafute nafasi moja ya dhambi katika maisha yake, aifunge; na achague tendo jema moja, alifanye kila siku mahali pa dhambi ile.

Sala: Ee Mungu Mwumba wetu, safisha mioyo yetu, ukae ndani yake, isibaki tupu. Amina.